Je, Wajua: Daftari na Kabrasha la Mapajani

Fungua daftari la kurasa 32 katikati kabisa, pale miguu ya pini ilipokunjwa. Ukihesabu tangu mwanzo, hapo ni ukurasa wa 16 na wa 17. Jumla yake 33. Rudi hadi ukurasa wa 3: mwenzake kwenye karatasi hiyohiyo, ng'ambo ya pini, ni wa 30. Jumla ni 33 tena. Kila karatasi imekunjwa mara moja ikazaa kurasa nne, na zile zinazokaa upande mmoja wa karatasi hutoa jumla hiyo siku zote. Ndiyo maana mtoto akichana ukurasa wa 3 atengeneze ndege, haipiti wiki ule wa 30 umedondoka, na zoezi lililokwisha kusahihishwa limekwenda nao.

Kaunta buku nayo ina hesabu yake. Muuzaji atakuuliza: kwaya ngapi? Kwaya moja ni karatasi 24 zilizokunjwa kati, yaani kurasa 96, hivyo kwaya mbili ni 192. Na neno daftari limetufikia kupitia Kiarabu, lakini shina lake ni la Kigiriki, diphthera, maana yake ngozi iliyotengenezwa. Kabla ya karatasi watu waliandika juu ya ngozi.

Mimi nilianza kulichunguza daftari mwaka 2020. Tarehe 17 Machi Serikali ya Tanzania ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, na shule za msingi hazikufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa darasa la nne, alikaa kwangu hapa Pasiansi, karibu na ziwa, muda wote huo. Nilimnunulia madaftari nikamwambia anakili vitabu. Alinakili kwa bidii, mwandiko ukanyooka, kurasa zikajaa. Ijumaa nikamuuliza alichoandika Jumatatu, akanitazama kimya. Kosa lilikuwa langu. Mkono wake ulifanya kazi wiki nzima, kichwa sikukiuliza kitu.

Nikatafuta njia nyingine. Huko Marekani, wazazi wanaosomesha watoto nyumbani wana chombo wanachokipenda, ambacho kwa Kiswahili nakiita kabrasha la mapajani, kwa sababu mtoto hukifungua akiwa amekipakata. Chukua manila moja. Kunja kingo mbili zikutane katikati kama milango ya kabati. Ndani gundisha vikaratasi vilivyokunjwa, kila kimoja na kifuniko chake: juu ya kifuniko swali, chini yake jibu. Mada moja, kabrasha moja. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo. Wanga ukipata moto ndani ya maji, chembe zake huvimba na kupasuka, uji ukawa mzito wa kunata. Kabrasha liweke mbali na mende, maana kwao gundi hiyo ni chakula.

Watu huvutiwa na rangi na mapambo ya kabrasha. Mimi nasema uwezo wake wote uko kwenye kile kifuniko. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi wajifunze. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne mfululizo. Jingine liliisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika linachokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40, na wale waliojikumbusha asilimia 61. Kifuniko kinamlazimisha mtoto kulitafuta jibu kichwani kabla ya kuliona. Daftari lililo wazi linampa jibu kabla hajalitafuta.

Mada yetu ya kwanza ilikuwa dagaa, kwa kuwa hapa huwezi kuwakwepa. Mwalo wa Kirumba uko jirani. Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapotawala usiku taa hupoteza nguvu, wakapumzika. Kwa hiyo kila jioni mtoto alichora mwezi kwenye daftari, na pembeni akaandika kama taa zinaonekana ziwani au la. Siku yenye mawingu aliandika "mawingu". Hapo daftari lilifanya kazi ambayo kabrasha haliwezi: kupokea jambo jipya kila siku bila kujua mwisho wake.

Tarehe 7 Mei mwezi ulikuwa mpevu. Jioni chache baadaye alikuja mbio. "Shangazi, mwezi umechelewa!" Nikamwambia asubiri kesho, kisha keshokutwa. Mwenyewe akagundua kwamba kila siku unachomoza nyuma ya jana, kwa wastani kama dakika 50, na hilo huacha giza la mapema usiku. Taa zilikuwa zimeanza kurudi ziwani.

Ndipo tukakata miduara miwili ya manila. Wa chini tuligawa siku 29 na nusu, tukachora mwezi unavyokua na kufifia. Wa juu tukatoboa kidirisha, tukaipachika yote miwili katikati kwa waya. Ukizungusha, kidirisha kinaonyesha umbo la mwezi. Chini ya kifuniko cha pembeni, mtoto aliandika jibu kuhusu wavuvi kwa penseli, akafuta, akaandika tena: "Wanaingia" au "Wamepumzika".

Jioni moja mwishoni mwa Mei alizungusha duara, akakiziba kifuniko kwa kiganja, akanigeuzia swali: "Shangazi, leo wanaingia?" Nikasema wanaingia. Hakufungua kifuniko. Alinishika mkono tukatoka nje, tukapanda juu ya mawe nyuma ya nyumba, tukasubiri giza lishike. Taa ya kwanza ilionekana mbali sana ziwani, halafu ya pili, akaanza kuhesabu kwa sauti.