Igikari Nyuma ya Ukuta

Ukipita Nyarutarama asubuhi, kwenye vilima vinavyotazama uwanja wa gofu wa Kigali, utaona kuta na mageti. Mgeni hudhani nyuma yake kuna nyasi na maua basi. Ukikaribishwa, omba uonyeshwe nyuma ya jiko.

Katika rugo, yaani boma la kale la Kinyarwanda, lililozungushiwa ua wa mimea iitwayo miyenzi, sehemu hiyo iliitwa igikari. Palikuwa pa mama mwenye nyumba, wala mgeni hakufika hivi hivi. Siku hizi miyenzi imetoa nafasi kwa matofali, lakini igikari kipo, na ndani yake kuna akarima k'igikoni. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: karima ni kashamba, kurima ni kulima, na igikoni ni jikoni. Serikali imehimiza kila kaya iwe nako ili watoto wasipate utapiamlo. Matajiri wa Nyarutarama hawakusukumwa na njaa. Naamini wamekabakiza kwa sababu wengi wao, au wazazi wao, walilelewa kando ya kashamba kama hako.

Kashamba ninakokajua mimi, katika nyumba moja ya hapo, ni tuta la mviringo lenye ngazi tatu, kila ngazi ikishikiliwa na vigingi vya mkaratusi. Katikati kuna shimo linalomeza maganda ya ndizi, majani ya chai na maji yaliyooshewa mboga. Unyevu wake hushuka polepole hadi ngazi ya chini. Juu kuna vitunguu na karoti. Chini yake zimepandwa intoryi, yaani nyanya chungu, na dodo, mchicha wa huku, ambao haung'olewi: unachuma ncha kwa ukucha wa kidole gumba, nao unachipua matawi. Ukutani umeegemea mti wa ibinyomoro, matunda mekundu yenye umbo la yai, makali kidogo, ambayo watoto huyakata katikati na kuyala kwa kijiko.

Anayekatunza ni kijana aliyetoka kusini mwa nchi. Alipokuja kuanza kazi, alileta mbegu za isogi, mgagani wetu, zimefungwa kwenye kitambaa. Hakuagizwa na mtu. Mwenye nyumba alipoionja isogi hiyo, chungu kama ilivyo, ikiwa imepikwa kwa karanga za kusaga, alinyamaza muda mrefu, kisha akataka aongezewe. Kwangu mimi, huko ndiko mila inakopita: mikononi mwa wafanyakazi wa nyumbani, ambao majina yao hayaandikwi popote.

Mvua za itumba, Machi hadi Mei, hazina taabu. Kazi ni impeshyi, kiangazi cha Juni hadi Agosti, vumbi jekundu linapokaa juu ya majani na kila ndoo ya maji ina hesabu yake. Tuta hufunikwa kwa nyasi kavu, na kumwagilia ni alfajiri au jioni.

Siwezi kuandika juu ya Nyarutarama nikaviruka Kangondo na Kibiraro, vijumba vilivyokuwa vimebanana jirani kabisa na majumba haya. Nyumba za mwisho zilibomolewa mwaka 2022, na familia nyingi zilipewa makao katika maghorofa ya Busanza. Pale mtu akitaka mchicha wake, ni gunia la udongo kwenye baraza. Inaniuma, maana mtu aliyezoea kuchuma mboga jioni hawezi kuuzoea upesi mlango unaofunguka kwenye ngazi.

Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni Umuganura, sikukuu ya mavuno ambayo Wabelgiji waliipiga marufuku mwaka 1925. Mtama na ulezi ndio wenye sherehe. Lakini katika nyumba ninayoisema, watoto hupewa agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, wakajaze walichopalilia wenyewe. Mwaka jana kilirudi na intoryi sita, ibinyomoro vitatu na fungu la isogi lililokwisha kunyauka njiani, kutoka tutani hadi mezani, kwa kushikwashikwa.