Somo la Redio: Mshubiri Uliotoka Sokoni

Leo tutazungumza juu ya mimea yenye majani manene yaliyojaa maji. Mfano wake ni mshubiri, ambao siku hizi wengi huuita alovera.

Tuseme wewe, mama, umenunua mshubiri sokoni Tunduma. Umeuweka barazani, na kwa kuwa unaupenda, unaumwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Baada ya majuma machache majani ya chini yanageuka manjano na kulegea. Jirani anasema, "Una kiu huo, uongezee maji." Unaongeza, nao unakufa. Je, umekufa kwa kiu? La. Umekufa kwa maji.

Sababu ni hii. Mshubiri huweka akiba ya maji ndani ya majani yake, kama sisi tuwekavyo maji mtungini. Vijitundu vya majani hayo hufungwa wakati wa jua na kufunguliwa usiku, ili maji yasipotee bure. Mizizi nayo yahitaji hewa. Udongo ukiwa tope siku zote, mizizi hukosa hewa ikaoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa. Ndiyo maana mmea hulegea kama wenye kiu, ingawa umesimama majini.

Basi, ukinunua mmea wa namna hii, fanya hivi:

1. Bonyeza shina karibu na udongo. Kama ni laini, usiununue.

2. Ufikapo nyumbani, utoe mmea katika udongo wake uitazame mizizi. Iliyo myeusi na laini, ikate kwa kisu safi. Kisha uache mmea kivulini siku tatu au nne, mpaka kidonda kikauke.

3. Toboa matundu chini ya kopo. Changanya udongo nusu na mchanga wa mto nusu, ndipo upande.

4. Usimwagilie kwa juma moja.

5. Uzoeshe jua kidogo kidogo, ukianza na jua la asubuhi. Ukiuweka juani ghafula, majani hubabuka.

Baadaye, kila utakapo kumwagilia, kwanza ingiza kidole katika udongo. Ukikuta unyevu, acha. Ukikuta umekauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya kopo, kisha ungoje ukauke tena. Kwetu Tunduma na Vwawa mvua hunyesha toka Novemba mpaka Aprili. Miezi hiyo weka kopo ndani ya baraza, mbali na maji yatiririkayo kutoka batini. Juni na Julai kuna baridi, na mmea hunywa kidogo sana. Kumwagilia mara moja kwa majuma matatu au manne kwatosha.

Sasa sikilizeni sana, ninyi wenye watoto. Jani la mshubiri likikatwa hutoa maji ya manjano, machungu mno. Maji hayo huendesha tumbo kwa nguvu. Asiyanywe mtoto, wala mwanamke mwenye mimba. Mnyaa nao, ule wa fito za kijani unaopandwa kuwa ua, huweka maji katika fito zake, lakini utomvu wake mweupe hudhuru macho. Ukimwingia mtoto jichoni, lioshe papo hapo kwa maji mengi safi, na umpeleke kituo cha afya bila kukawia.

Kabla hatujaagana, jadilianeni maswali haya darasani, kisha kila mmoja aandike majibu yake:

1. Kwa nini mmea wenye maji mengi huweza kuonekana kama wenye kiu?

2. Kopo lisilo na matundu lina hatari gani?

3. Ndani ya ua wenu mna mmea gani ambao mtoto hapaswi kuuchezea?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.