Meza ya Kompyuta na Amana za Watu

Siku hizi ni vigumu kupata nyumba ambayo karatasi zake za maana hazijapita katika kompyuta. Mkulima wa kata ya Nkunga, wilayani Rungwe, aweza kuishi miaka mingi kwa ndizi, viazi na maziwa bila ya kuigusa mashine hiyo kwa mkono wake. Walakini mwanawe amalizapo kidato cha sita, hana budi kuitafuta. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupokea maombi kwa njia ya intaneti. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA kwa njia hiyo hiyo. Na atafutaye kazi ya Serikali hupeleka maombi yake katika tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Na kwa kuwa nyumba nyingi hazina kompyuta, kijana hutia vyeti vyake katika bahasha, akasafiri mpaka Tukuyu mjini, akaingia steshenari.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame pamoja nasi atazame. Nyuma ya meza yupo kijana mmoja mwenye kompyuta moja, na watu sita wanamngoja. Huyu ataka kuchapiwa barua, yule ataka kopi, wa tatu ataka cheti chake kiskaniwe, na wa nne amekuja kuomba mkopo wa masomo, siku ya mwisho ya kupokewa maombi. Kioo cha kompyuta kimejaa alama ndogo ndogo toka ukingo hata ukingo: programu za kuandikia, za kuhesabia, za kutengeneza picha, za skana na za printa, na katikati yake zimetawanyika barua za watu, vyeti vya watu na picha zao za pasipoti. Faili moja laitwa "CV mpya", la pili "CV mpya 2", la tatu "CV ya mwisho", na la nne "CV ya mwisho kabisa". Mwenye mashine hukodoa macho, hufungua lisilo lenyewe, akalifunga, akafungua jingine. Dakika zapita. Umeme nao haupigi hodi ujapo, wala hauagi uondokapo.

Watu wengi hudhani kwamba hilo ni jambo dogo la unadhifu tu, kama vile shati lisilopigwa pasi. Sisi twaona sivyo. Kompyuta iliyovurugika hula vitu vitatu vya watu: wakati wao, kazi yao na siri yao. Na kila kimoja katika vitatu hivyo ni amana.

Meza hii ilitoka wapi?

Jina lenyewe latufundisha. Sehemu ile ya kioo ionekanayo kompyuta ikiisha kuwaka huitwa desktopu, na wataalamu wa lugha yetu wameiita eneokazi; maana yake ni juu ya meza ya kufanyia kazi. Wazo hilo lilikuzwa katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, ambako mwaka 1973 ilitengenezwa kompyuta iitwayo Alto. Mwaka 1981 kampuni hiyo ilitoa mashine iitwayo Star, ambayo kioo chake kilionyesha picha za karatasi na majalada, ili karani aone vitu alivyokwisha kuvizoea ofisini. Macintosh ya Apple ikafuata mwaka 1984; na tarehe 24 Agosti 1995 ikatoka Windows 95, iliyoleta kitufe cha kuanzia pamoja na ule mstari wa chini ya kioo tunaouona hata leo.

Kwetu Tanzania mashine hizi zilichelewa kuenea, kwani mwaka 1974 Serikali ilizuia kompyuta na televisheni zisiingizwe nchini. Programu zenye maneno ya Kiswahili zilichelewa zaidi: mwishoni mwa mwaka 2004 ndipo ilipotolewa Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Basi wengi wetu tuliikuta meza hii imekwisha tandikwa, wala hatukuelezwa kwamba ni meza.

Na meza ina desturi yake. Juu yake huwekwa kazi iliyo mkononi. Kazi ikiisha, jalada hurudi kabatini. Hakuna karani mwenye busara awekaye juu ya meza majalada ya miaka mitano. Katika kompyuta twalitenda jambo hilo kwa kuwa meza yenyewe haivunjiki kwa uzito, wala karatasi zake haziporomoki chini. Madhara yake hayaonekani mpaka siku ya haraka.

Wapo wasemao, "Mimi nimeweka kila kitu mbele ya macho yangu ili nikione upesi." Hoja hii yafaa vitu vikiwa kumi. Vikifika sitini haifai tena, kwa sababu mbili. Kwanza, jicho lililozoea kuona vingi halioni kimoja. Pili, mara ufunguapo programu yo yote, dirisha lake huifunika meza nzima. Kwa hiyo mahali ulipoweka kila kitu ili ukione ndipo mahali pasipoonekana wakati wote wa kazi!

Namna ya kuipanga

Jambo la kwanza ni kutambua kipi ni kipi. Katika Windows, alama nyingi za programu zina mshale mdogo kwenye pembe ya chini. Hizo ni njia za mkato tu, mfano wa kibao cha barabarani kielekezacho mji. Ukikiondoa kibao, mji haukubomoka. Vivyo hivyo ukiifuta njia ya mkato, programu yenyewe ingaliko. Walakini barua na picha zisizo na mshale huo ndizo vitu vyenyewe. Ukizifuta, umezifuta kweli kweli. Basi njia za mkato zisizotumika ziondolewe bila hofu, lakini faili zihamishwe, zisifutwe ovyo.

Jambo la pili ni kuyatengenezea mafaili makabati yake. Kwa steshenari folda tatu zatosha kuanzia: moja ya kazi za leo, moja ya kazi zinazomngoja mwenyewe, na moja ya mambo ya duka. Jioni, kabla ya kuzima mashine, folda ya kwanza haina budi kuwa tupu.

Jambo la tatu ni majina. Jina jema la faili huanza na tarehe, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku. Mathalani 2026-03-09, na baada yake jina la mwenye kazi na aina ya kazi. Faida yake ni kwamba kompyuta ikiyapanga majina, siku zenyewe hujipanga kwa taratibu yake, na faili la mtu mmoja halichanganyiki na la mwingine. Ni msiba mkubwa kijana kupeleka kwa mwajiri cheti cha mtu asiyemjua, kwa kuwa mafaili yao yote mawili yaliitwa "cheti".

Jambo la nne wengi hulijua baada ya hasara. Vitu vyote vilivyowekwa juu ya desktopu, kwa kawaida, vimo katika sehemu ya C ya diski, pamoja na Windows yenyewe. Mashine inapougua, mwenyewe huipeleka kwa fundi "kupiga windo". Fundi aisafishapo sehemu ya C bila ya kuuliza, desktopu yote hufutika pamoja na amana za wateja. Kwa hiyo kazi za maana ziwekwe katika sehemu nyingine ya diski, kama vile D, na nakala yake iwe katika flashi au diski ya nje. Kwani diski yenyewe ikifa, C na D hufa pamoja.

Kuziwasha programu nyingi

Meza ikiisha kusafishwa, huulizwa: programu zangu nitazifunguaje? Jibu ni kwamba mlango si ule mmoja wa desktopu tu.

Zile programu nne au tano zitumikazo kila saa zibandikwe katika mstari wa chini ya kioo, ambao haufunikwi na madirisha. Tena kila moja hapo hupata namba kwa taratibu ya kukaa kwake: ukishika kitufe chenye alama ya Windows kwenye kibodi na kubonyeza 1, hufunguka ya kwanza, ukibonyeza 2, ya pili, na kadhalika. Programu zitumikazo mara moja kwa juma hazihitaji kubandikwa po pote. Bonyeza kitufe kile kile cha Windows, uandike herufi tatu au nne za jina lake, itatokea yenyewe. Kisha bonyeza Enter. Mwenye kuizoea njia hii hatatafuta alama kwa macho tena.

Na kama kila asubuhi zafunguliwa programu zile zile, zaweza kuamshwa kwa pigo moja. Katika Notepad andika mistari mitatu: wa kwanza "start winword", wa pili "start excel", wa tatu "start chrome", bila ya alama za kunukuu. Hifadhi kwa jina asubuhi.bat, na katika kuhifadhi, jina hilo liandikwe ndani ya alama za kunukuu, lisije likageuzwa kuwa barua ya kawaida. Tangu siku hiyo, ukilibonyeza faili hilo mara mbili, Word, Excel na Chrome zitafunguka pamoja, maadam zimo katika mashine. Umeme ukikatika na kurudi, hurejea kazini kwa dakika moja. Ila kazi isiyohifadhiwa haitarejeshwa na faili hilo. Dawa yake ni kubonyeza Ctrl na S kila baada ya mistari michache.

Lakini tuonye jambo. Kuweza kuzifungua programu nyingi si sababu ya kuzifungua zote. Kila programu iliyo wazi hukalia sehemu ya kumbukumbu ya mashine. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta hugeuka kuitumia diski badala yake, nayo diski ni nzito mno. Ndipo mashine huganda, na watu husema ina virusi, kumbe imebebeshwa mzigo. GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 hukubali, na katika kiwango hicho busara ni kufunga moja kabla ya kufungua nyingine. Zipo pia programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta inapowaka, bila ya kuitwa na mtu. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, utafute orodha ya zinazoanza pamoja na mashine, uzizuie zisizo na haja. Usiijuayo kazi yake, iache kwanza mpaka uulize.

Siri za watu

Tumebakiza lililo zito kuliko yote. Kioo cha steshenari hutazamwa na kila aingiaye. Mtu anayengoja kopi yake aweza kuona juu ya desktopu namba ya NIDA ya jirani yake, matokeo ya mtihani ya binti wa fulani, au barua ya mgonjwa. Mwenye mashine hakukusudia kutangaza siri ya mtu; ameacha tu karatasi juu ya meza. Lakini siri imekwisha toka.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yawataka wote wanaokusanya na kutumia taarifa za watu wazilinde, wala wasizitumie kwa jambo jingine lisilokuwa lile zilizokusanyiwa. Tume yake ipo. Lakini Mwislamu hakungoja mwaka 2022 ili ajue kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe. Karatasi ya mtu ikiisha kutumika, mwenyewe apewe, na nakala iliyobaki ifutwe, pamoja na kulimwaga pipa la taka. Kwani kilichomo katika pipa la kompyuta chaweza kuokotwa na ye yote. Na akitaka kihifadhiwe, kihifadhiwe ndani ya folda, si mbele ya macho ya umati.

Wateja nasi tunayo haki na wajibu. Kijana aendaye Tukuyu kuomba mkopo asiogope kusema kwa adabu, "Kaka, naomba vyeti vyangu uvifute nikiwa hapa." Aende na flashi yake. Asingoje siku ya mwisho. Na akiifungua barua pepe yake au akaunti yake katika mashine ya watu, aifunge mwenyewe kabla ya kuinuka kitini.

Wazazi wenye kompyuta nyumbani wawafundishe watoto desturi hii tangu sasa, kama wanavyowafundisha kukunja mkeka baada ya kula. Robo saa ya kila Alhamisi jioni yatosha: njia za mkato zisizo na kazi ziondolewe, mafaili yapewe majina yake, nakala itiwe katika flashi. Kijana aliyelelewa hivyo, siku atakapokaa nyuma ya meza ya steshenari au ya ofisi kubwa, watu watamkabidhi karatasi zao bila wasiwasi.