Uaminifu Kazini Hujengwa, Hauamrishwi

Afikaye alfajiri katika soko la Kalerwe, kando ya barabara ya Gayaza, kaskazini mwa jiji la Kampala, hukuta kazi imepamba moto. Wapagazi wanashusha mikungu ya ndizi na matenga ya nyanya, na wauzaji walioajiriwa wanapanga bidhaa za matajiri wao. Kwa macho, wote ni wachapa kazi. Je, wote wana moyo mmoja na waajiri wao?

Wataalamu wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, walieleza mwaka 1991 kuwa mfanyakazi hushikamana na mwajiri wake kwa njia tatu: kwa mapenzi, kwa kuona ni wajibu wake, au kwa kukosa pa kwenda. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa mwenye mapenzi hufanya kazi vizuri zaidi na hujitolea kupita alivyoagizwa. Aliyefungwa na shida hubaki, lakini mwili tu ndio ubakio.

Tuchukue mfano wa nyanya moja iliyooza ndani ya tenga. Mwenye mapenzi na kazi huitoa kabla haijaambukiza nyingine. Asiye nayo huiona akanyamaza, kwani hasara si yake. Wote wawili walifika mapema, na wala hakuna aliyevunja amri. Kwa hiyo mwajiri anayehesabu mahudhurio peke yake hajaupima uaminifu.

Mapenzi hayo hayaji kwa karipio. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi katika majuma 12 ya mwanzo, pamoja na likizo ya siku 7 kwa kila miezi 4. Kima cha chini cha mshahara, hata hivyo, ni kile cha shilingi 6,000 kwa mwezi kilichowekwa mwaka 1984. Muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa sahihi na Rais. Kwa hiyo ujira wa haki umeachwa mikononi mwa mwajiri mwenyewe.

Hatusemi kwamba mfanyakazi hana wajibu. Uvivu na wizi havina utetezi. Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Atakaye mtumishi mwenye moyo, na aanze kwa kumlipa kwa wakati, kumpumzisha na kumsikiliza.