Tasnifu Yako Ina Kurasa 140: Je, Unajua Njia Humo Ndani?

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nne, saa tisa alasiri. Nilikuwa nyumbani Tukuyu namalizia tasnifu, na nje mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Simu ikaita. Msimamizi wangu.

"Sura ya nne umeandika kwamba wazee wanatofautisha ndizi za aina mbili ambazo vijana wa leo wanaziita kwa jina moja. Nani kasema hivyo? Hebu nisomee maneno yake."

Nikamwambia, "Ngoja kidogo Dokta, yapo kwenye kiambatisho." Nikaanza kuskroli. Jamani, nilishuka, nikapanda, nikashuka tena. Faili lilikuwa na kurasa 143, na mahojiano ya wakulima 31 yalikuwa yamebanana mwishoni kama abiria wa kosta siku ya gulio. Nilikumbuka sauti ya bibi aliyenieleza jambo lile. Nilikumbuka hata benchi tulilokalia. Lakini ukurasa wake sikuuona. Dakika ya sita Dokta akanikatisha kwa upole: "Kama haupo, usiuandike. Nitumie kabla ya Jumatatu, la sivyo aya hiyo itoke."

Hakusema kwamba nimetunga data. Lakini mimi na yeye tulijua kwamba ndivyo inavyoonekana mtafiti anapodai jambo halafu ushahidi hauonekani. Aya ile ndiyo ilikuwa roho ya sura nzima.

Ijumaa asubuhi nikapanda bodaboda hadi kijijini kwa yule bibi, upande wa chini ya mlima Rungwe. Njia utelezi mtupu, nikafika nimelowa mpaka soksi. Nikamwamkia, akaitika, akanipa chai. Nilipomuuliza swali lilelile la mwezi wa kumi na moja, akaniangalia kwa muda.

"Mjukuu wangu, si nilishakuambia? Ukaandika, na ile simu yako ikarekodi. Wewe umeweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa ameniachia shamba lake nusu siku nzima, akanipa maneno yake, na mimi nikayatupa kwenye faili kama mtu anayetupa karatasi shimoni. Basi makala hii ni jibu langu kwa bibi yule, na ni ushauri kwa wanachuo wenzangu mnaoandika ripoti za mafunzo kwa vitendo, tasnifu na miradi. Tunafundishwa namna ya kuandika kurasa nyingi, lakini namna ya kutembea ndani ya kurasa hizo kila mtu anajifunza kivyake, mara nyingi kwa kuumia.

Herufi nene si kichwa cha habari

Jumamosi nilikwenda steshenari moja pale mjini kuchapa nilichokuwa nacho. Dada wa pale akafungua faili langu, akaangalia pembeni mwa skrini, akaniuliza, "Vichwa vyako viko wapi?" Nikamwonyesha: si hivi hapa, nimevikoleza na kuvikuza? Akacheka. "Hizo ni herufi nene tu. Kompyuta haijui kama hicho ni kichwa."

Hapo ndipo penye siri yote. Wewe ukiona maneno makubwa yaliyokolezwa, unajua sura mpya imeanza. Programu haioni hivyo. Kwake ni maneno kama maneno mengine, yamevaa nguo nzito tu. Ili ijue kwamba hapa ni sura, pale ni sehemu ya sura, lazima uiambie kwa kutumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani yake.

Katika Microsoft Word mitindo hiyo imeandikwa "Heading 1", "Heading 2" na "Heading 3". Ya kwanza ni ya sura (Sura ya Nne), ya pili ni ya sehemu (4.1), ya tatu ni ya kipengele kidogo (4.1.2). Weka kasa kwenye mstari wa kichwa, kisha bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja. Au 2, au 3. Katika LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure, ni Ctrl na 1, Ctrl na 2, hivyohivyo. Kama maumbile ya kichwa hayafanani na mwongozo wa chuo chako, usikimbilie kukikoleza kwa mkono. Rekebisha mtindo wenyewe mara moja, na vichwa vyote vya ngazi hiyo vitabadilika pamoja.

Ukishafanya hivyo, katika Word bonyeza Ctrl na F. Upande wa kushoto utafunguka upau; bofya "Headings" na utaona orodha ya vichwa vyako vyote. Bofya "4.2" na umefika 4.2, huna haja ya kuskroli. Katika LibreOffice bonyeza F5, utapata orodha ya namna hiyo.

Anayesafiri kutoka Mbeya kuja Tukuyu asubuhi ya ukungu atanielewa. Nje huoni kitu, ni weupe mtupu. Lakini konda akipaza sauti "Isyonje!" unajua umetoka Uyole na Kiwira bado iko mbele. Vichwa vya habari ndiyo sauti ya konda ndani ya tasnifu. Bila hivyo unasafiri kwenye ukungu na hujui ushukie wapi.

Tena kuna faida nyingine. Msimamizi akikuambia "sehemu hii ipeleke mbele ya ile", huna haja ya kukata kurasa saba na kuzibandika huku unaomba umeme usikatike. Katika upau ule wa Word, shika kichwa kwa kipanya, kiburute hadi mahali papya, ukiachie. Maandishi yote yaliyo chini yake yatakifuata. Hifadhi nakala ya faili kwanza, lakini.

Tafuta mzizi, usitafute neno zima

Mtasema, kwa nini sikutafuta tu kwa kisanduku cha kutafutia? Nilitafuta. Niliandika "ndizi", yakaja matokeo mamia, kwa sababu tasnifu nzima inahusu ndizi. Niliandika jina la bibi, sikupata kitu, kwa sababu kwa maadili ya utafiti nilikuwa nimeficha majina na kuweka namba. Nikaandika "mgomba", nikapata sehemu kumi na mbili, yeye hayumo.

Kumbe yeye alisema "migomba". Kompyuta hutafuta herufi, haitafuti maana. Herufi za "mgomba" hazimo ndani ya "migomba", kwa sababu katikati kuna i. Hili ni tatizo letu sisi tunaoandika Kiswahili, maana maneno yetu hubadilika mbele. Kwa Kiingereza neno mara nyingi hubadilika mwishoni, kwa hiyo ukiandika mwanzo wake unalipata. Kwetu mwanzo ndio unaocheza: mkulima, wakulima, analima, wamelima, kilimo.

Dawa yake ni kutafuta mzizi. Andika "gomba" na utapata mgomba, migomba na kigomba. Andika "lim" na utapata wakulima na kilimo kwa pamoja. Hakikisha tu hujaweka tiki kwenye chaguo la kutafuta maneno kamili. Utapata na takataka kidogo, ni kweli. "Gomba" iliniletea mahali ambapo ndugu wawili waligombana kwa sababu ya mpaka wa shamba, na "lim" iliniletea mlima Rungwe mara nyingi kuliko nilivyotaka. Lakini takataka chache unaweza kuziruka kwa macho. Ukurasa usiotokea kabisa huwezi kuuruka, kwa sababu hujui kama upo.

Kumbuka pia kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na majina mawili. Bibi alikuwa anasema "matoki" kila mahali ambapo mimi ningesema ndizi, na mimi niliandika alivyosema, ndivyo inavyotakiwa. Vilevile katika sura ya historia nilikuwa nimeandika Neu Langenburg, jina ambalo Wajerumani waliupa mji wa Tukuyu. Ukitafuta "Tukuyu" tu, aya hiyo hutaipata. Kwa hiyo kabla ya kutafuta jiulize: hapa niliandika kwa maneno ya nani? Yangu, ya mkulima, au ya kitabu?

Viambatisho navyo vina haki

Wengi wetu tunaweka vichwa kwenye sura tano, halafu viambatisho tunavimwaga tu. Mimi nilifanya kosa hilo. Kila mahojiano yalikuwa na mstari wa "Mahojiano Na. 17" kwa herufi nene, basi. Jumamosi ile nilikaa mpaka saa nne usiku nikaipa mistari yote 31 mtindo wa kichwa cha ngazi ya pili. Kisha mbele ya kila namba nikaongeza maneno machache: kijiji, mwezi, na jambo kuu lililozungumzwa. Sasa upau wa pembeni unasomeka kama orodha ya watu niliozungumza nao, na hakuna jina la mtu lililofichuka.

Kwa mahali unapoparejea mara kwa mara, weka alama. Katika Word nenda kwenye "Insert", chagua "Bookmark", ipe alama jina fupi lisilo na nafasi, kwa mfano ushahidi_ndizi. Baadaye bonyeza Ctrl na G, chagua alama hiyo, na programu itakurusha pale. Na ukitaka kurudi ulipokuwa unahariri kabla ya kwenda kuchungulia kwingine, bonyeza Shift na F5. Kitufe hiki kimeniokoa muda mwingi kuliko kingine chochote. Hata ukifungua faili kesho yake, kinaweza kukurudisha ulipoachia jana.

Yaliyomo yasiandikwe kwa mkono

Bado kuna watu wanaoandika ukurasa wa yaliyomo kwa nukta nyingi na namba za kukisia. Ukiongeza aya moja sura ya pili, namba zote za mbele zinakuwa uongo. Kama vichwa umevipa mitindo, nenda kwenye "References", chagua "Table of Contents", na orodha itajitengeneza. Ukibadilisha maandishi, bofya orodha hiyo na ubonyeze F9, nayo itasasisha namba. Ndani ya faili, Ctrl pamoja na kubofya kichwa kwenye orodha hukupeleka palepale.

Halikadhalika kwa jedwali. Usiandike kwa mkono "tazama Jedwali 6". Weka maelezo ya jedwali kwa "Insert Caption", kisha mahali pa kulitaja tumia "Cross-reference". Jedwali jipya likiingia katikati, chagua maandishi yote kwa Ctrl na A, bonyeza F9, na 6 itakuwa 7 kila mahali.

Angalizo moja. Msimamizi akisema "ukurasa wa 62", anasoma namba iliyochapwa chini ya karatasi. Kama kurasa za mwanzo umezipa namba za Kirumi, ukurasa wa 62 kwenye karatasi unaweza kuwa wa 73 ukihesabu tangu jalada. Ndiyo maana ni bora muelewane kwa namba za sehemu: 4.2, aya ya tatu.

Na lugha je?

Najua wengine mtalalamika kwamba menyu zote hizi ni za Kiingereza. Ni kweli kwa kompyuta nyingi tunazotumia, lakini si lazima iwe hivyo milele. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. LibreOffice ya leo inatokana na OpenOffice hiyohiyo. Kwa hiyo kazi iliwahi kuanzwa hapahapa nchini, na mwanachuo wa kompyuta au wa Kiswahili anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho anajua pa kushika.

Kwa asiye na kompyuta yake, simu inasaidia. Google Docs inaonyesha orodha ya vichwa hata kwenye simu, ilimradi umevipa mitindo. Vichwa nilivyoweka pale steshenari navifuata kwenye simu nikiwa ndani ya kosta.

Jumapili usiku nilimtumia Dokta ujumbe: Kiambatisho B, Mahojiano Na. 17, na mistari minne ya maneno ya bibi kama alivyoyasema. Jumatatu asubuhi akajibu: "Nimeona. Aya ibaki."

Basi usiku wa leo, kabla hujaongeza ukurasa mwingine, fungua faili lako, uanze na vichwa. Kwa kurasa 140 inaweza kukuchukua saa mbili. Mimi ilinigharimu siku tatu, nauli ya bodaboda, na aibu mbele ya mzee aliyeniuliza ameweka wapi maneno yake.