Bwawa la Uani na Hesabu Zake

Mpanda mlima anayerudi Moshi kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hufika mjini vumbi limemjaa hadi masikioni na kucha za vidole gumba zimevilia damu. Hatafuti anasa. Anataka maji ya moto, chakula cha kushiba na mahali pa kunyoosha miguu chini ya mti. Hapo ndipo nyumba ndogo ya wageni, yenye vyumba sita au saba, bustani na bwawa la kuogelea uani, inapoweza kushindana na hoteli kubwa.

Bustani hujilipa. Parachichi, ndizi na mchicha hutoka shambani moja kwa moja hadi meza ya kifungua kinywa. Bwawa halijilipi kirahisi hivyo.

Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, hubeba lita 48,000. Siku ya jua na upepo likipungua milimita 5 tu, lita 160 zimekwenda hewani: ndoo nane za lita 20. Pampu ya wati 750 ikifanya kazi saa nane hula uniti 6 za LUKU kwa siku. Na hula hivyo hata masika, kuanzia Machi hadi Mei, wapanda mlima wanapopungua na vyumba kubaki vitupu. Akiizima kubana matumizi, mwenye nyumba atakuta maji yamegeuka kijani, na gharama ya kuyarudisha itazidi umeme aliookoa.

Kazi yenyewe huanza asubuhi, kabla wageni hawajaamka. Mtunza bwawa huopoa majani kwa wavu, kisha huzamisha kichupa mpaka mkono uingie majini hadi kiwikoni, kwa sababu maji ya juu hayasemi ukweli wote. Hutia matone ya dawa na kulinganisha rangi na kadi. Klorini inatakiwa iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8. pH ikipanda zaidi ya hapo, klorini hulegea hata ikimwagwa kwa wingi. Ni vizuri kuitia jioni, kwani jua huimaliza upesi. Kamwe isichanganywe na asidi: hutoa gesi ya sumu.

Wengi hudhani bwawa linalonuka dawa na kuwasha macho limezidishiwa klorini. Mara nyingi ni kinyume chake. Harufu ile kali hutokana na klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Bomba la kuogea kando ya bwawa, pamoja na ombi la upole kwa mgeni aoge kwanza, huokoa dawa nyingi.

Lakini hakuna jambo zito kuliko watoto, wa wageni na wa nyumbani. Mtoto huzama kimya, kwa dakika chache tu. Kwa hiyo, wewe unayepiga hesabu za kuchimba bwawa mwaka huu, uzio wa mita 1.2 na lango linalojifunga lenyewe viwemo kwenye bajeti ya kwanza, kabla ya vigae.