Ubora wa Namba Isiyoeleza Kitu

Karibu na mkia wa Dubu Mkubwa, ndani ya kundinyota la Canes Venatici, kuna galaksi inayoitwa M51, NGC 5194, UGC 8493, na majina mengine chungu nzima. Anayeanza kusoma astronomia huona huo ni uzembe mtupu: kwa nini wataalamu wasiipe jina moja linalosema ni kitu gani? Mimi nashikilia kwamba uzuri wa namba hizo ni kule kutosema chochote.

Mfaransa Charles Messier aliiona Oktoba 1773. Alikuwa akisaka nyota zenye mkia, na madoa ya ukungu yasiyohama yalikuwa yakimpotezea muda, basi akayaorodhesha asije akadanganyika tena. Hili likawa la 51. Mwaka 1845, kule Birr nchini Ireland, William Parsons, bwana wa Rosse, alilielekezea darubini yenye kioo cha upana wa karibu meta 1.8, akachora mikono inayojisokota kutoka kitovuni kuelekea doa dogo lililo kando yake. Umbo hilo halikuwahi kuonekana angani kabla ya hapo. J. L. E. Dreyer, aliyewahi kufanya kazi hapo hapo Birr, alichapisha katalogi yake ya NGC mwaka 1888 ikiwa na vitu 7,840: doa kubwa 5194, dogo 5195. Wakati huo hakuna aliyekuwa na hakika kama hayo ni mawingu ya gesi yaliyo jirani au makundi ya nyota ya mbali mno. Edwin Hubble alipolimaliza suala hilo katika miaka ya 1920, kwa kupima nyota zinazobadilika mwanga ndani ya Andromeda, nadharia nzima ya mawingu jirani ilianguka na hakuna namba hata moja iliyohitaji kufutwa. Linganisha na mpangilio wa maumbo wa Hubble huyo huyo, wa mwaka 1926, unaoziita galaksi nyingine za awali na nyingine za baadaye. Yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba maneno hayo hayahusu umri, lakini mpaka leo yanawapotosha wanafunzi.

Wapo watakaosema: kama jina halitakiwi kueleza, basi litaje mahali tu. Katalogi za kompyuta hufanya hivyo, na kwa mamilioni ya vitu hakuna njia nyingine. Ila mahali penyewe hapatulii. Mhimili wa Dunia huyumba polepole kama pia, mzunguko mmoja kwa miaka kama 26,000, hivyo mpangilio wa Dreyer, uliofuata majiranukta ya 1860, sasa umevurugika hapa na pale. Tena M51 inachukua angani takriban theluthi moja ya upana wa mwezi mpevu. Kila upimaji hupata kitovu kinachotofautiana kidogo na cha mwenzake, na kwa tofauti hiyo jina jingine huzaliwa.

Hoja ya wingi wa majina ina uzito zaidi, ingawa hifadhidata ya SIMBAD kule Strasbourg, Ufaransa, huyakusanya mahali pamoja. Mimi nisingeyapunguza. Halton Arp, katika atlasi yake ya galaksi zenye maumbo yasiyo ya kawaida ya mwaka 1966, aliyahesabu madoa yote mawili kuwa kitu kimoja, Arp 85, kwa sababu alichotaka kukionyesha ni jinsi yanavyovurugana; Dreyer aliyatenganisha kwa sababu aliorodhesha kinachoonekana. Ukifuta jina moja, umefuta swali la mtu. Mwaka 2011 nyota moja ililipuka katika galaksi hiyo, ikaitwa SN 2011dh: mwaka na herufi, basi. Wataalamu walibishana kama nyota kubwa ya manjano iliyoonekana mahali pale kwenye picha za zamani ndiyo iliyolipuka, au ilikuwa jirani tu. Picha za mwaka 2013 zilionyesha kwamba imetoweka, upande mmoja ukashindwa, na jina likabaki vile vile.